Mwendo wa Mzazi

Enzi zile za vita, sisi tuliokulia Kindu tulijua kujificha kabla ya kujua kusoma. Lakini ninachokumbuka zaidi ni harufu ya majani yaliyochemshwa, na mama akizunguka nyumba polepole, kitenge kimefungwa tumboni, mimi nimemshika kidole. Alikuwa amemzaa mdogo wangu Zena, na Bibi, mama yake, alikuwa amekuja kutoka Kibombo kumtunza.

Kwa Bibi, mzazi halali mchana kutwa, wala hagusi ndoo. Siku ya kwanza mama alitembea hadi mlangoni. Siku iliyofuata, hadi jikoni. Baadaye akaizunguka nyumba mara moja. Akichoka anakaa, anakandwa, anakunywa uji wa moto. Yale maji ya kukandia bado nayatilia shaka, yalikuwa moto mno. Hata wakati ule sikunyamaza. Nilimuuliza Bibi kwa nini mama asizunguke mara mbili.

"Mutoto huyu anauliza kama polisi," Bibi alisema. "Leo ni moja. Njo vile." Yaani ndivyo, hakuna mjadala.

Kabla ya wiki mbili kutimia, risasi zikalia upande wa mtoni na watu wakaanza kukimbilia mashambani. Mjomba akaja na baiskeli.

"Mama, dada apande nyuma, twende mbio," akamwambia Bibi.

Kidonda cha uzazi kilikuwa bado kibichi, na njia yenyewe mashimo matupu.

"Panda weye," Bibi akamjibu. "Muzazi atatembea."

Baiskeli ikabeba godoro, sufuria na kuku wawili. Bibi alimbeba Zena. Kila penye kivuli alimkalisha mama. Jirani mmoja aliyetupita akauliza kama tunaenda harusini. Bibi akamwambia atangulie akapike. Mjomba alitokwa jasho la woga. Mimi nilimchukia Bibi siku ile, niliamini tutakamatwa kwa ukaidi wake. Jua lilipoinama tukafika kwenye kibanda cha shamba. Bibi akamkagua mama, akaona damu haikuzidi, ndipo naye akakaa chini, kwa mara ya kwanza siku ile.

Leo nina digrii na mtoto wa wiki tano, hapahapa Kindu, mtaa wa Kasuku. Zena huyohuyo ananiletea video ya msichana anayerukaruka.

"Yaya, siku kumi na nne tu, tumbo linaisha," ananiambia mimi dada yake mkubwa.

Nikamuuliza huyo msichana alizaa lini. Hajui. Nikaenda kumhoji mkunga, naye akasema nitembee kidogo, niongeze taratibu, damu ikizidi niache nimwone haraka. Nilirudi nyumbani nikimwomba Bibi msamaha moyoni.

Basi kila asubuhi nauzunguka ua, peke yangu. Mume yuko kazini, Zena yuko kwenye video zake. Mama alikuwa na watu watatu waliokubali kufika wa mwisho kwa ajili ya mwendo wake. Mimi nina simu inayonihesabia hatua, na hunipongeza nikizidisha. Haijawahi kuniambia kwamba kwa leo imetosha.