Kipande cha Waya Kisicho na Stima

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni dereva wa treni ya umeme upande wa pili wa mpaka. Jumatano moja alifika kwetu Migori bila kupiga simu, na mke wangu akajua kuna jambo kabla hajaketi. Alikuwa na barua kutoka kwa mwajiri wake. Alitakiwa aeleze kwa maandishi, kufikia Jumatatu, kwa nini treni yake ilisimama njiani na abiria zaidi ya saa mbili. Mpaka hapo asiendeshe. Maelezo yakikataliwa, angepoteza leseni.

Alinijia mimi kwa sababu nasuka mota. Nyingi zinatoka Osiri, kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, koili, zile nyaya za ndani ninazosuka upya, zikiwa zimeungua. Chuo sikwenda. Nilijifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kufungua mota zilizokufa, na nina daftari ninamoandika kila moja imeungua wapi na kwa nini. Nikamwambia aanze mwanzo, nikalifungua daftari.

"Dada, mumeo ameanza kesi," akasema.

"Huyo hata ugali ukiungua anaandika," mke wangu akajibu.

Alieleza hivi. Juu ya reli kuna waya mmoja, na mgongoni mwa kichwa cha treni kuna mkono unaousugua waya huo na kuchukua stima. Alasiri hiyo upepo ulikuwa mkali. Akaona mbele kipande cha turubai kimejiviringisha kwenye waya, kinaning'inia. Aliogopa kwamba mkono ungekinasa na kuuangusha waya wote. Akafunga breki. Treni ikapunguza mwendo, upepo ukalinyofoa turubai likaenda zake porini, na treni ikatambaa kidogo ikasimama. Alipojaribu kuondoka, hakuna nguvu. Nyuma yake waya ulikuwa na stima, mbele yake pia. Pale mkono ulipogusa, hakuna.

"Kwa hiyo waya ulikuwa na kasoro," nikasema.

"Hapana. Pale hakuna umeme siku zote."

"Siku zote?"

"Ni kipande kifupi. Kimewekwa hivyo, na kuna bango. Ukifika unazima swichi kuu, treni inapita kwa kasi iliyo nayo, ukishavuka unawasha."

Sikuelewa. Watu wajenge reli nzima ya stima, kisha waache kipande kisicho na stima kwa kupenda? Nilimuuliza mara tatu.

"Sababu ipo, tuliambiwa darasani," akasema. "Mimi nilishika kanuni, sababu ikanipita."

Nikaamua kuwa ni kasoro ambayo wakubwa wameificha kwa bango. Nilikuwa nimeona mambo kama hayo. Kule Osiri swichi ikiharibika, mwenye mashine haitengenezi, anaandika juu yake USIGUSE na kazi inaendelea. Alhamisi niliandika maelezo ya kurasa mbili: kwamba laini ilikuwa na sehemu mfu, na kwamba dereva hawezi kulaumiwa kwa waya usio na stima. Shemeji akayanakili kwa mwandiko safi.

Mke wangu aliyasoma akiwa amesimama. "Na turubai liko wapi?"

"Nimelitoa. Hakuna aliyeliona ila yeye. Siandiki nisichoweza kuthibitisha."

"Lakini ndilo lililomsimamisha."

Ijumaa nilikwenda Homa Bay kumwona rafiki yangu, fundi mstaafu wa laini kubwa za stima, ili anisahihishie maneno ya kitaalamu. Nilimkuta nyuma ya nyumba akiwapa kuku vumbi la dagaa wa omena. Alisoma ukurasa wa kwanza, akacheka mpaka kuku wakatawanyika.

"Omera, ndugu yangu, huyu shemeji yako amekukosea nini?"

"Kwa nini?"

"Mota za Osiri zinakula fezi ngapi?"

"Tatu. Waya tatu, kila mmoja na stima yake."

"Ukigusanisha mbili?"

"Zinalipuka."

"Reli ni ndefu. Kituo kimoja cha stima kinalisha kipande chake kwa fezi moja, kituo cha pili kinalisha kwa nyingine. Sasa wewe fundi, hizo fezi utazikutanisha wapi?"

"Hazikutanishwi."

"Basi ndiyo maana wameacha pengo. Barua hii inasema dereva hajui kitu ambacho kila dereva lazima akijue."

Nimefanya kazi na fezi tatu zaidi ya miaka ishirini. Sikuwahi kuzifikiria hapo, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa waya ni mmoja.

Nilirudi Migori nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoondoka. Ikiwa pengo liko mahali pake, dereva hatakiwi kusimama chini yake. Ikiwa kuna kitu kwenye waya, hatakiwi kukipita kwa kasi. Vyote viwili vilikuwa mbele yake kwa wakati mmoja. Nilitaka kupiga hesabu ya umbali. Nilimuuliza turubai lilikuwa mita ngapi mbele yake.

"Kama kutoka hapa mpaka kanisani."

"Kanisa lipi?"

"Shemeji, nilikuwa nafunga breki, sikuwa napima shamba."

Nikamwambia barua yangu ni mbovu, na kwa nini. Aliisoma tena nakala yake.

"Ningejifukuza kazi kwa mwandiko wangu mwenyewe," akasema.

Akachukua karatasi nyingine akaandika nusu ukurasa bila kuniuliza neno. Aliandika kwamba aliona turubai. Kwamba aliona bango pia na alijua pengo liko mbele, lakini aliufikiria waya kwanza. Kwamba hana shahidi. Sentensi ya mwisho ilisema: Sijui kama turubai lingenasa.

"Hiyo ifute," nikamwambia. "Mtu hajitetei kwa sijui."

"Ndio ukweli. Wewe ulijua, shemeji, ukakosea kurasa mbili."

Mke wangu aligeukia jikoni, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Jumapili shemeji akaondoka kupitia Isebania na nusu ukurasa wake.

Wiki tatu hatukusikia kitu. Mke wangu alikuwa akiacha simu kwenye kiti karibu na jiko. Ilipolia, aliisikiliza, akakaa chini, kisha akanipa.

"Nimebaki na leseni," shemeji akasema. "Wamenirudisha darasani kwanza, halafu kazini."

"Wamesema ulikosea wapi?"

"Wamesema ningefunga breki mapema zaidi, au nisingefunga kabisa."

Nilikuwa tayari na kalamu. "Lipi kati ya hayo mawili?"

"Hawakusema."

"Hukuwauliza?"

"Niliuliza. Wakatazamana."

"Na ukiona turubai tena?"

"Nitafunga breki, shemeji," akasema. "Mpe simu dada."