Kananu na Ngemi za Juju Kathambi

Kananu alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu pale Makutano, mjini Meru. Mchana kutwa alishinda ameinamia simu zilizofunguliwa matumbo, bisibisi mkononi. Lakini mtu akimuuliza anafanya kazi gani, alijibu kwamba anarekodi. Simu zilikuwa za kumpa chakula tu, na alipofunga kibanda, roho yake ilikuwa tayari iko nyumbani.

Nyumbani ni Kaaga, kwa mamake. Nyuma ya nyumba kubwa palikuwa na chumba kilichokuwa stoo ya mahindi, na Kananu alikuwa amekigeuza studio. Alitundika mablanketi ukutani, akaegemeza godoro kuukuu mlangoni, akaweka meza yenye kompyuta, mikisa ndogo ya kuchanganya sauti na maiki mbili. Mvua ikinyesha kazi ilisimama kwa sababu ya kelele za mabati, na waimbaji walihamia jikoni kunywa chai hadi ikatike. Mapenzi haya yalimwanzia shuleni. Alikuwa kwenye kwaya, lakini sauti yake haikukaa mahali pamoja, na mwalimu, kwa upole, akampa kazi ya kushika mashine ya kunasa sauti. Wenzake walidhani ameadhibiwa. Yeye aliona amepandishwa cheo.

Mwaka jana, kabla ya mvua za masika, alijiwa na mwanamke mmoja mchangamfu kutoka Laare, mfanyabiashara wa miraa aitwaye Eunice, ambaye kila mtu alimwita Mama Kendi. Kendi, bintiye, alikuwa anaolewa Embu. Akina mama wa kanisa lao walikuwa wameshajipanga kwenda kumwimbia. Shida ilikuwa nyanya yake Kendi, Juju Kathambi, kama Wameru wanavyowaita nyanya zao. Juju alikuwa anatibiwa nyonga mjini Meru, akikaa kwa mwanawe hapo hapo Kaaga, na daktari alikuwa amemkataza safari ndefu. Na Juju ndiye aliyejulikana Laare nzima kwa kupiga ngemi, vile vigelegele ambavyo bila hivyo sherehe ya Wameru ni mkutano tu. Kendi alikuwa amesema wazi kwamba hataingia ukumbini bila ngemi za nyanyake. Basi wakaona Juju arekodiwe pamoja na akina mama, na wimbo uchezwe bibi arusi akiingia.

Kananu alikubali hata kabla Mama Kendi hajamaliza kueleza.

Wakaja Jumamosi. Akina mama walisimama mbele ya maiki, Juju akaketi kwenye kiti cha mbao, fimbo magotini, kimya kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Alikuwa mwembamba na mdogo, na Kananu akawa na wasiwasi kwamba labda hatasikika. Alipima sauti za waimbaji, akaona taa za mikisa zinacheza kwenye kijani vizuri, akarekodi. Ubeti wa kwanza ulipita. Kisha Juju akainua kidevu, akapiga ngemi.

Taa zote ziliruka hadi kwenye nyekundu, zikabaki huko. Walipousikiliza wimbo, uimbaji ulikuwa safi, lakini kila penye ngemi palitoka mkwaruzo kama mabati yanayochanwa kwa shoka. Akina mama walicheka hadi wengine wakakaa chini. Juju hakucheka. Aliuliza kwa Kimeru kama huyo ndiye yeye.

Kananu alimweleza kwamba kosa si lake. Kompyuta ina kiwango chake, na sauti ikizidi hapo inakatwa kichwa, na kilichokatwa hakirudi tena. Akamwomba ajaribu kupiga polepole. Juju alijaribu, ila zikatoka ngemi za mtu anayeomba msamaha. Wakamtoa nje uani. Mbwa wa jirani wakamwitikia, na kwenye rekodi wao ndio waliosikika zaidi. Mwisho Kananu akashusha sauti yote kwenye mikisa. Ngemi hazikukwaruza tena, lakini akina mama wakawa kama wanaimba ng'ambo ya bonde, na alipowapandisha baadaye, mvumo wa vyombo vyake hafifu ukapanda nao. Waliagana wakiwa bado wanacheka, wakapanga kurudi wiki inayofuata.

Kananu hakucheka. Alimpigia simu Muthamia, fundi aliyefunga spika katika makanisa mengi kutoka Meru hadi Chuka, ambaye ndiye aliyemfundisha kuunganisha waya. Muthamia alimsikiliza, akamwambia anachohitaji ni kompresa, na kwamba yeye anayo moja iliyotolewa kanisani walipoweka mitambo mipya. Aje tu aichukue.

Kananu alipomwambia mamake kwamba analeta kompresa, mama alidhani ni ile mashine ya kupuliza rangi ya magari, akasema haitanguruma ndani ya boma lake. Ikabidi aelezwe kwamba hii ni sanduku jembamba lisilo na kelele, kazi yake ni kubana sauti inayozidi. Mama alifikiri kidogo, akauliza kwa nini mtu abanwe sauti aliyopewa na Mungu.

Jumamosi ya pili alikuwa amepitisha kila kitu kwenye sanduku hilo, waimbaji na Juju pamoja, na kwa kuiogopa ile taa nyekundu, alikuwa amezungusha vifundo vyote hadi vibane kwelikweli. Wakaimba. Juju akapiga ngemi. Taa nyekundu haikuwaka hata mara moja, na Kananu akajiona amefika.

Halafu wakasikiliza. Hapakuwa na mkwaruzo wowote. Lakini kila Juju alipofungua mdomo, waimbaji walizama kama wametumbukizwa kwenye pipa la maji, kisha wakaibuka polepole. Na ngemi zenyewe hazikupanda juu ya mtu yeyote. Zilikuwa katikati ya wengine, zimelala. Mama Kendi, kwa adabu, alisema ni nzuri. Wenzake wakaitikia kwamba ni nzuri. Juju alisubiri wamalize.

"Huyu ni mimi," akasema, "lakini nimefunikwa gunia."

Kananu alijua ni kweli. Aliwaomba wasubiri, akampigia Muthamia, akaweka simu kwenye spika. Muthamia alimuuliza ile taa ya kompresa inayoonyesha kwamba inabana inawaka wakati gani. Kananu akasema inawaka wakati wote, tangu neno la kwanza la wimbo.

"Ndiyo hapo umekosea," Muthamia akasema. "Hiyo umeiweka ishike kila mtu. Mimi nataka ikae kama askari wa lango. Watu wakipita wanatembea, yeye ametulia. Anainuka tu akiona gari linakuja kasi."

Kisha akamwelekeza taratibu. Waimbaji watolewe kwenye kompresa, wabaki na maiki yao, na Juju apewe ya pili peke yake, asogezwe nyuma karibu na godoro. Kompresa isimame kwenye maiki ya Juju tu, kabla sauti haijafika kwenye kompyuta. Kizingiti, yaani kiwango ambacho kompresa huanza kubana, kipandishwe juu, ili Juju akiimba kawaida taa isiwake kabisa. Nguvu ya kubana iende hadi mwisho, na wepesi wa kushika uwe mkali kadiri inavyowezekana, kwa sababu ngemi haibishi hodi. Kuachilia kuwe haraka pia, ila si haraka mno, la sivyo mkia wa ngemi utatetemeka.

Kananu alizungusha vifundo kimoja baada ya kingine. Juju aliimba pamoja na wenzake, na taa ikabaki giza. Kisha akainua kidevu. Taa ikakonyeza, ikazima. Ikakonyeza tena, ikazima. Kwenye vipokea sauti Kananu alisikia ngemi zikipanda juu ya wimbo, kali, nzima, zikipasua chumba bila kupasua chochote ndani ya mashine. Akaanza kutabasamu, akashindwa kuacha.

Alipowachezea, akina mama waliinuka kucheza hapo hapo, godoro likaanguka, na Juju akagonga fimbo sakafuni kwa mdundo. Wakarudia wimbo mara nyingine kwa raha tu, na huo ndio waliouchagua, ingawa katikati yake parachichi liliangukia mabati. Kananu alitaka kuufuta mlio huo. Mama Kendi akakataa, akasema watu wa Embu watadhani ni ngoma.

Siku ya arusi Kananu alisafiri na akina mama, akakaa ubavuni mwa Gachoki, kijana wa Embu aliyesimamia spika, kuhakikisha hagusi asichokijua. Kendi alipoingia, wimbo ukaanza. Ngemi zilipotoka, wanawake wa upande wa bwana arusi waligeuka kumtafuta huyo mama anayepiga hivyo, wasimwone, kisha wakajibu kwa za kwao, meza hadi meza. Kendi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, rangi za uso zikimtiririka, naye hajali.

Kananu akampigia Juju, akainua simu juu asikie. Wimbo ulipoisha akamuuliza kama amesikia vizuri.

"Nimesikia," Juju akasema. "Hao wa Embu wanajua, lakini wanakata upesi. Waambie wavute pumzi kwanza."

Kananu aliwaambia, na walicheka sana. Miezi michache baadaye baadhi yao walifika Kaaga kurekodi nyimbo za kanisa lao, wakiwa na mpiga vigelegele wao, mwanamke mnene aitwaye Ruguru. Juju, ambaye nyonga yake ilikuwa imepata nafuu, alipata habari akaja na fimbo yake kusikiliza. Hakusikiliza kwa muda mrefu. Ubeti wa pili ulimkuta amesimama kando ya Ruguru, wakipiga ngemi pamoja, na sasa Muthamia anamtafutia Kananu kompresa ya pili.