Mlinzi Mwenye Ndoo

Mama Élysée aliniambia kwenye chumba cha kufulia, akitoa mashuka kwenye mashine, kwamba Papa Tharcisse wa ghorofa ya pili ameajiriwa na jini. Amemsikia kwa masikio yake, pale kwenye ngazi, akiongea na simu: "Mlinzi mwenzangu ana mabawa, ana ndoo, na hajakaa chini tangu enzi za Ninawi." Kisha akanipa ncha mbili za shuka nimsaidie kukunja, maana habari nzito haizuii kazi.

Papa Tharcisse ni mjane kutoka Fizi. Alifika Houston akapelekwa kiwanda cha kuku, magoti yakakataa baridi, akapata kazi ya ulinzi kwenye jumba la makumbusho. Jumapili ni mkuu wa protokoli kanisani kwetu, ndiye anayepokea watu mlangoni na kuwaonyesha viti. Mimi huniwekea kiti cha pembeni kwa kuilaza Biblia yake juu, ili mwanangu mchanga Lévi akilia nitoke bila kukanyaga miguu ya watu. Alikaa kambi ya wakimbizi miaka kumi na saba akipangwa mistari na wengine. Mlango wa kanisa ndio wa kwanza duniani kuwa wake.

Mashuka hayajakauka, uvumi ulikuwa umefika kwa Pasta Heritier. Papa Tharcisse akavuliwa beji. Akaambiwa achague, amwache jini au auache mlango. Yeye akajibu kwa upole kwamba waje waone kwanza. Pasta akakubali, akachagua siku ya kiingilio cha bure, kama Roho alivyomwongoza.

Nami nikaalikwa kwenye msafara. Nilifurahi, nikadhani imani yangu imeonekana. Tulipofika maegesho nikaelewa kwamba kilichoonekana ni kigari cha mtoto. Mama Élysée alichomeka chini ya blanketi la Lévi chupa ya maziwa iliyojaa maji ya maombi, kando yake akaweka ndoo ya waridi ambayo Zoé wangu huchezea mchanga. Tawi la kunyunyizia lilikuwa limesahaulika kwetu Gulfton, kwa hiyo pasta akachukua burashi yangu ya kusugulia chupa. Mlangoni walikagua mikoba yote. Kigari walikiachia tabasamu.

Jini lenyewe lilikuwa jiwe. Mwanamume aliyechongwa ukutani, ndevu za misokoto, mabawa mgongoni, misuli ya miguu kama ya mbeba mizigo. Mkono wa kushoto ameshika kindoo, wa kulia ameinua kitu kama tunda la msonobari. Papa Tharcisse, ndani ya koti lake la kazi, alitueleza bila haraka. Huyu alisimamishwa kwenye jumba la mfalme wa Ashuru, karibu miaka elfu tatu iliyopita. Hunyunyizia na kubariki, baya lisiingie.

"Ni protokoli," alimalizia. "Wa mfalme."

Mama Élysée aliuliza mbona maandishi yamepita katikati ya mwili wake. Papa Tharcisse akamtazama kidogo. "Na yeye walimwandika tu, mama. Hawakumuuliza."

Wakati huo nilikuwa nampiga Zoé picha. Nyuma yake Pasta Heritier alikuwa ameshamimina maji kwenye ndoo. Akasogea mpaka pua yake ikakaribia jiwe, ndoo ya waridi mkono wa kushoto, burashi juu mkono wa kulia, ndevu mbele, nami nikabonyeza. Zoé aligeuka. Mtoto huyu Kiswahili hukitumia akiwa na njaa tu, lakini alikisema safi kabisa: "Mama, wako wawili."

Papa Tharcisse akaingia katikati, mikono miwili mbele, vilevile anavyoonyesha watu viti. Tone moja likigusa jiwe, ajira yake imekwisha.

"Mtumishi, rudi hatua mbili."

"Unanizuia mimi?"

"Ule mlango mwingine umenivua. Huu bado ninao. Hatua mbili."

Na pasta akarudi. Sote tumezoea kumtii mzee huyo, miguu inatangulia kabla ya kichwa. Maji yakamwagikia viatu vyake, vikawa vitakatifu kuliko sisi sote.

Njiani pasta hakuhubiri. Aliniuliza mara mbili tu kama simu yangu hupiga picha nzuri. Jioni Mama Élysée alikwisha kueneza kwamba jini limemfunga pasta ulimi, na wakati huohuo akanibembeleza nimtumie ile picha, ya maombi tu. Sikumtumia. Jumamosi, beji ilirudishwa ndani ya bahasha isiyo na hata salamu.

Saa hiyohiyo Papa Tharcisse aligonga kwangu, suruali ya kanisa mkononi, akaomba pasi. Yake imeungua, alisema. Alipiga pasi mkunjo mmoja mara nne, halafu akaomba kuiona picha. Aliitazama mpaka skrini ikazima, nikaiwasha tena.

"Mama Zoé, kesho nasimama mlangoni. Sitaki mtu aingie mle akimcheka aliye mbele. Ifute."

Nikaweka kidole. Akaushika mkono wangu, taratibu.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Nitumie mimi, halafu ndiyo uifute."