Siku Niliyokalia Vitabu vya Rabi

Jamani, hili nawasimulia nikiwa nimeinamisha uso, maana hadi leo nikipita karibu na ule ukumbi wa Randburg nageukia upande wa pili, utadhani kuta zake zitaniita jina.

Mimi ni dereva wa taksi, mnanijua, mtu wa Ujiji niliyeletwa Joburg na utafutaji. Nilikuwa na mteja wangu mmoja, mzee wa Kiyahudi anayekaa mtaa wa Observatory, rabi, mwandishi wa vitabu vya dini yao, mtu mpole ambaye akipanda gari anauliza kwanza hali ya mama yangu ndipo afunge mkanda. Alikuwa ameandika kitabu kinene cha kufafanua Zaburi, kikachapwa, kikauzwa, na yeye hakuona hata senti. Kila nikimpeleka kwa mchapishaji wake anarudi na jibu lile lile: wiki ijayo, Rabi. Na pesa hakuitaka kwa anasa. Mkewe alikuwa hasikii tena, na tangu waoane mzee akimaliza ukurasa humsomea yeye kwanza (huyo mama ndiye anayemwambia hapa unachosha watu, hapa futa), sasa kifaa cha masikio ni ghali, na kitabu kipya kimesimama kwa kukosa wa kukisikiliza.

Basi Jumapili moja, kwenye ule ukumbi, mchapishaji akaandaa hafla ya kuonyesha vitabu vyake, na mzee akaalikwa azungumze. Ningemshusha mlangoni nikasubiri garini, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini ngazi zilikuwa ndefu na miguu ya mzee haimtii, nikaamua kumshika mkono mpaka mbele kabisa, na alipokaa akaniambia, "Rajabu, usiende mbali." Viti vimejaa. Pembeni ya meza palikuwa na katoni iliyofungwa vizuri, nikajua ni soda, nikaikalia. (Kofia yangu ya Ijumaa ilikuwa kichwani, kwa hiyo watu walinisalimia kwa heshima, nadhani walinidhania rabi mgeni kutoka Ethiopia.)

Mchapishaji akaanza kumsifu mzee, kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye koti lake, na mimi natikisa kichwa kukubali, mpaka bibi mmoja wa mstari wa mbele akaniinamia akasema taratibu, "Mwanangu, hivyo ulivyokalia ni vitabu vya Zaburi vya Rabi."

Eish. Mimi niliyelelewa madrasa, niliyefundishwa kuushika msahafu kwa udhu na kuuweka juu ya kila kitu. Nilinyanyuka kwa pupa, mguu ukanasa kwenye katoni, katoni ikachanika, na vitabu vikamwagika mpaka kwenye viatu vya watu.

Nikangoja kutukanwa. Hakuna aliyenitukana. Wanaume wenye tai zao, mabibi wenye mikongojo, wote wakaacha viti wakainama, kila mmoja anaokota kitabu, anakipangusa, anakibusu, anakiweka mezani, kama mtu anayemwinua mtoto aliyeanguka. Mwili ulinisisimka. Nikapiga magoti na mimi, nikaokota, nikabusu.

Mchapishaji naye akainama karibu yangu, akakifunika kipaza sauti kwa kiganja, akaninong'oneza, "Nani atanilipa vilivyoharibika?"

Na mimi kwa kuchanganyikiwa nikamnong'oneza pale pale kifuani pake, kiganja kimeshatoka, "Mlipe kwanza aliyeviandika. Mkewe hasikii, na wewe unamwambia wiki ijayo."

Nikaisikia sauti yangu ikitoka kwenye spika za ukumbi mzima.

Watu wakasimama hivyo hivyo na vitabu mikononi. Kisha kule nyuma mwandishi mmoja mwenye ndevu akasema bila hasira, "Hata mimi bado nangoja." Mama mmoja akasema, "Na mimi." Mchapishaji alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na mimi naomba sakafu inimeze. Hapo mzee wangu akasimama, akashika ukingo wa meza. Nikajua sasa atammaliza kabisa mchapishaji. Akasema, "Ndugu zangu, tumekuja kusoma Zaburi, basi tusome," akaanza kusoma kwa moyo, macho amefumba, na ukumbi wote ukamfuata mpaka yule bwana akapata nafasi ya kuketi na kufuta uso.

Njiani tukasimama kwenye robot, taa za barabarani.

"Ulichosema ni kweli, Rajabu," akasema. "Lakini yule mtu amerudi kwa watoto wake na uso gani? Kwetu kumwaibisha mtu mbele za watu ni kama kumwaga damu. Kesho nipeleke nikamwombe radhi."

"Rabi, yeye ndiye anayedaiwa."

"Najua. Nipeleke."

Nikampeleka, nikaingia naye, nikaomba radhi mimi kwanza. Mzee anayedai akamwomba radhi anayedaiwa. Yule bwana akasema ukweli ambao hakuwahi kuusema: kila kitabu kikiuzwa, pesa inakwenda kulipia karatasi za kitabu kinachofuata, na waandishi anawapa maneno. Siku ile ile akampa mzee nusu ya deni, nyingine inakuja kidogo kidogo, na wale wengine wawili nao wameanza kupata. Mkewe sasa anasikia, na nasikia ameshafuta kurasa nyingi za kitabu kipya.

Watu husema nilifanya vizuri. Mimi nilimwona mzee akimlinda mtu aliyemdhulumu, na tangu hapo nimeapa: mwenzangu akidhulumiwa nitamtetea, ila nitakwenda mlangoni kwa aliyedhulumu mwenyewe, nibishe hodi, niseme taratibu.