Ndevu za Baba Kabla ya Gwaride

Ijumaa asubuhi chumba chetu kilinuka sabuni ya kunyolea, na mkaa ambao bado haujashika vizuri. Tulikaa katika kambi ya polisi kule Nsambya, kwenye safu za vyumba vilivyoshikana ukuta kwa ukuta, jirani akikohoa unampa pole bila kuinuka kitandani. Ukisimama mlangoni uliona kilima cha misheni na hospitali yake, na upande wa chini nyumba za watu wa reli, na mvua ikinyesha ulisikia treni bila kuiona. Watu wakisikia nimelelewa katika kelele hizo wanadhani nilikuwa na wenzangu tele. Sikuwa nao. Mama alikuwa amerudi kwao Lira na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Kwa nini alikwenda, hayo ni yake na baba, sitayafungua hapa. Mimi niliachwa kwa sababu nilikuwa nasoma, na shule yenyewe haikufika mbali. Nilitoka darasa la nne nikijua kusoma na kujumlisha, basi. Huko shuleni wenzangu walisema Kiganda, mimi nilikuja na Kiswahili cha kambini, na Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya watu wanaokuja kuwakamata baba zao, kwa hiyo walinikalia mbali. Kambini nako, jioni kila mama alitoka mlangoni kuita watoto wake ndani, huyu kwa Kiacholi, yule kwa Kiteso. Uwanja ukibaki mtupu najua sasa ni zamu yangu kuingia, maana hakuna aliyeniita.

Baba alikuwa askari wa lango, mtu mrefu asiyesema. Akirudi kazini anavua viatu, anavipaka rangi, anakula posho, ule ugali wetu, na maharage, analala. Nikimwuliza jambo alinijibu kwa kichwa. Hakuwa mkali, msije mkadhani hivyo. Alikuwa amenyamaza tu tangu mama aondoke, na mimi sikujua mlango wa kuingilia. Basi msimu mmoja wa mvua, lango la chuma la kambi likateleza kwenye reli yake na kuubana mkono wa kulia wa baba. Ulivimba kama mkate. Uvimbe ulipoisha, vidole havikukunjika. Hakwenda hospitali, ingawa ilikuwa pale pale kilimani, kwa sababu habari zingefika ofisini kabla yeye hajarudi nyumbani. Askari asiyeweza kushika kitu kwa mkono wa kulia anarudishwa kwao, na chumba anapewa mwingine. Sisi tungepelekwa kwa baba mkubwa, katika kijiji ambacho sikuwahi hata kukiona, na mimi dunia yangu yote ilikuwa chumba kile.

Kwenye gwaride aliweza kujificha. Bunduki inalala bega la kushoto, na saluti haitaki kukunja vidole. Kilichomshinda ni ndevu. Kila Ijumaa Sajini Meja alipita mbele ya mistari akiwa na kiberiti mkononi, na ukingo wa kile kiboksi aliupitisha kwenye shavu la kila askari. Kikikwaruza, umekwisha, anakutoa mbele ya wote. Baba alijaribu kujinyoa kwa mkono wa kushoto akatoka kama shamba lililolimwa na mlevi. Kwa kinyozi wa kambi hakutaka kwenda, maana yule bwana alikuwa na mdomo kuliko mkasi wake, na wote walijua baba hujinyoa mwenyewe siku zote, angeulizwa kulikoni. Ndipo akaketi kwenye kigoda, akaninyooshea mashine yake ya kunyolea.

Akasema, "Shika. Na mdomo wako uubane."

Mashine yenyewe ilikuwa ya chuma kizito. Unazungusha mpini, kichwa kinafunguka, unalaza wembe katikati, unafunga. Ila wembe haukuwepo. Zile alizozoea aliletewa na mwenzake aliyehamishwa, na zilikuwa zimekwisha. Nikateremka hadi Kisugu, dukani kwa Mzee Seif, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na ambaye Kiswahili chake kilinyooka hata nikaona haya kusema changu. Alikuwa na nyembe za aina tatu, za karatasi nyekundu, za bluu na za manjano, na aliziuza mmoja mmoja. Nikamwambia nataka wa kuchongea penseli. Akaniuliza upi. Nikasema zote tatu. Wazee waliokaa kwenye benchi wakageuka kunitazama.

"Binti wa polisi," akasema Mzee Seif, "hiyo penseli yako imeota ndevu?"

Walicheka, nami nikachukua nyembe zangu nikaondoka bila kujibu, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa niubane mdomo.

Sasa, mtoto asiye na wa kumwuliza anajifunza kwa kile kilicho karibu. Kambini alikuwepo Mama Adongo, aliyepika supu ya kwato za ng'ombe na kuwauzia askari. Kwato zile zina manyoya juu yake, lazima yanyolewe kabla hazijaingia sufuriani. Nikaenda kumwomba nimsaidie. Alishangaa, kwani kazi ile hakuna mtoto aliyeipenda, akanipa beseni zima. Nikajifunza pale kulaza mashine, kutokandamiza, kufuata manyoya yanakoelekea. Nikazijaribu nyembe zangu. Ule wa manjano ulikwama. Wa bluu ulipita kwa kusuasua. Ule mwekundu ulipita kama unapita kwenye maji, na kwato ikabaki inang'aa. Mama Adongo akaishika akasema, "Wewe utaolewa na mchinjaji," nami nikafurahi, nikaona nimeupata wembe.

Ijumaa iliyofuata nilimpaka baba sabuni, nikaanza na ule mwekundu. Shavu la kwanza lilikwenda vizuri. Nilipofika chini ya kidevu, damu ikatoka kabla sijajua nimekata, ikashuka hadi kwenye fulana nyeupe. Baba hakutikisika. Alisema, "Polepole," akafumba macho tena. Nilimalizia shavu la pili. Aliondoka na kipande cha gazeti kidevuni, na mimi nikakimbilia kwenye ua wa michongoma kutazama gwaride. Sajini Meja alipitisha kiberiti, hakikulia. Halafu akamshika baba kidevu na kukigeuza huku na huku.

"Okello, nani amekuchinja?"

"Wembe mpya, afande."

Mstari mzima ulicheka kwa pua. Sajini Meja hakucheka. Akamwambia Ijumaa ijayo akija tena hivyo, kinyozi wa kambi ataletwa hapo hapo uwanjani amfundishe kujinyoa mbele ya wenzake, na mashine baba ataishika mwenyewe kwa mkono wake. Nilisikia kila neno. Niliporudi chumbani nilikaa chini nikatazama vitu vyetu, kitanda, sanduku la bati, jiko, nikawa nawaza vitabebwaje.

Wiki hiyo sikwenda kwenye kwato. Nilikuwa nimeelewa kosa langu: ng'ombe yule alikuwa amekufa, ngozi yake ilikuwa haiumi tena, na wembe ulioshinda kwake ulikuwa umeshinda kwa ukali tu. Nilihitaji ngozi inayoweza kunijibu, na katika nyumba ile iliyokuwa inapatikana ni yangu. Nikainyoa miguu yangu kwa sabuni, kipande hiki kwa wembe huu, kipande kile kwa ule. Mwekundu uliniachia moto hadi jioni. Wa manjano ulivuta kila unywele kabla ya kuukata. Wa bluu, ule niliokuwa nimeudharau, ulipita bila kuvuta, na baada ya hapo ngozi ilibaki baridi. Nikagundua pia kwamba wembe una sauti. Ukiwa butu unakwangua kama panya. Ukiwa mzuri husikii kitu, unasikia sabuni tu ikisogea. Nikafunga mlango, nikawa nasikiliza, mtoto mmoja na miguu yake.

Alhamisi jioni nikamwambia baba aketi kwenye mwanga wa mlango, nikampapasa uso wote kwa vidole kabla ya kumpaka chochote, maana nilitaka kujua ndevu zinalala upande gani. Shavuni zilishuka chini, shingoni zilikwenda kwa ubavu. Sikuwa nimewahi kumgusa baba usoni. Sijui kama mtu yeyote alikuwa amemgusa tangu mama aondoke. Halafu, macho yakiwa yamefumbwa, baba akaanza kusema. Alisema mama yake alikuwa akimnyoa kichwa vile vile, amemketisha kati ya magoti, kwa kisu kilichofuliwa na mhunzi, na akilia alimpa karanga. Nilikaa nikishikilia kidevu chake, sikuthubutu kusogea asije akanyamaza.

Kesho yake nilimnyoa kwa ule wa bluu. Sajini Meja alipitisha kiberiti shavu hili na shavu lile, akashuka hadi shingoni, akapita kwa mwingine bila neno. Baba alitazama mbele kama askari anavyotakiwa, lakini mimi niliyekuwa nyuma ya michongoma niliona mabega yake yakishuka.

Tukawa hivyo msimu wote. Kila Ijumaa alfajiri nilichemsha maji, na baba akishapakwa sabuni alisema. Kuhusu mto wa kwao, kuhusu alivyolikimbia jeshi alilotaka kumtia mjomba wake akaingia polisi, na mara moja kuhusu mama, kwamba alipenda kuimba akifua. Sabuni ikifutwa, maneno nayo yaliisha. Jioni alikamua kitambaa kilicholowa maji kwa ule mkono mbovu, tena na tena, nami nilimwombea kwa Mungu vidole vikunjike, kwa sababu nilitaka tubaki na chumba. Niliomba kwa moyo wote, na sikufikiri zaidi ya hapo.

Ijumaa moja niliamka nikamkuta tayari amesimama mbele ya kioo, mashine mkononi, mkono wa kulia. Alikuwa amejinyoa mwenyewe. Alinionyesha kiganja, akakikunja, akakikunjua.

"Mkono umerudi," akasema. "Wewe nenda kacheze."

Nikatoka nje. Watoto walikuwa wameshagawana timu zamani. Nilisimama pembeni ya uwanja hadi gwaride likaisha, nikarudi ndani. Chumba tulibaki nacho miaka mingi, hadi baba alipostaafu, na katika miaka yote hiyo hakuniambia tena jambo refu. Alinipenda, hilo nalijua, alinilisha na kunivisha. Ila yale maneno yalikuwa ya wakati ule, na wakati ule ulikuwa umekwisha.

Siku hizi nakaa Kyebando, katika chumba changu mwenyewe ambacho hakuna afande wa kuninyang'anya. Mjukuu wangu huja Jumapili, ananiletea sukari, anakaa na simu yake, anaondoka. Mwezi uliopita alinipitisha saluni anakonyolewa kwa mashine ya umeme, nikakaa kumsubiri. Kinyozi akimaliza kunyoa, yupo msichana anayemchukua mteja, anamwosha kichwa kwa maji ya moto, anamkanda mashavu na shingo kwa taulo. Mjukuu wangu alifumba macho akamweleza mambo ya kazini kwake ambayo mimi bibi yake sijawahi kuyasikia. Alipokwenda kulipa nikamwita yule msichana. Nikamwuliza, mteja uliyemzoea akiacha kuja, huwa unajisikiaje. Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego katika swali.

"Wanakuja wengine, jjajja," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda, akakunguta taulo lake.

Kwangu hakuja mwingine.