Unywele Kwenye Tochi ya Kuzamia

Chumba cha mbele walikigawana bila kuchora mstari. Upande wa dirishani ni wa Baba Pacha, fundi wa tochi. Upande wa mlangoni ni wa Mama Pacha, mkewe, msusi. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, lakini hivi vilikaa miaka bila kelele.

Baba Pacha alianza na redio, akaja kwenye pasi, kisha watu wakaacha kutengenezesha wakawa wananunua vipya. Kilichomwokoa ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye kazi yake ni kuzama chini ya meli na kukwangua uchafu ulioganda kwenye rafadha, lile panga la kusukumia meli. Siku moja alileta tochi ya LED ya kawaida, ya mkononi.

"Shemeji, ifundishe hii kuogelea."

Fundi aliitazama hata chai ikapoa. Akaona maji yana milango mitatu ya kuingilia: kitufe, kioo na mkia, pale betri inapoingilia. Kitufe akaking'oa, akaziba tundu kwa gundi, akaweka ndani swichi ndogo inayoamka ukisogeza sumaku kwa nje. Kioo akatia kinene. Mkiani akachonga mfereji, akalaza mpira mwembamba wa duara wa kuzuia maji na kuupaka grisi. Kisha akatia kipande cha karatasi laini nyuma ya kioo, akaitumbukiza tochi kwenye bomba la chuma lililojaa maji, akalipampu kwa pampu ya baiskeli mpaka mikono ikagoma. Karatasi ikitoka kavu, tochi imefaulu. Betri aliitia baadaye, maana betri nzuri huilowanishi kwa majaribio.

Wapiga mbizi wengine wakasikia, wakaja. Kazi ikapata jina.

Mchana mmoja shemeji aliingia nywele hazijakauka, akaweka tochi mezani. Nyuma ya kioo maji yalikuwa yanacheza.

"Imezimika nikiwa chini ya tumbo la meli," alisema. "Nimetoka kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta mlango wa choo umeme umekatika."

Mama Pacha aliacha kichwa cha mteja nusu.

"Ulifungua?" fundi aliuliza.

"Mimi nakwangua tu, sifungui."

"Labda uliigonga."

"Haya, nimeigonga. Na maji nimeyamimina mwenyewe, tochi ilikuwa na kiu."

Mteja alicheka, akaona amecheka peke yake.

"Kesho narudi kumalizia ile rafadha," shemeji akaendelea, taratibu sasa. "Niambie wewe. Niende na tochi yako, au nisiende nayo tena?"

Fundi aliufungua mkia kwenye mwanga wa dirisha. Grisi ilikuwepo. Aliuzungusha mpira, akauzungusha tena. "Mpira mzima," alisema, kwa sauti ya mtu anayetamani maneno yaishie hapo.

Mama Pacha alisogea akijifuta mikono. Macho yake yamezoea kutenganisha unywele na unywele. Aliinama, akapitisha ukucha kwenye grisi, akavuta uzi mmoja mwekundu uliolala kukatisha mpira, ukiyaachia maji upenyo.

"Huu wa kwangu," alisema. "Zile nywele za bandia za juzi."

Fundi angeweza kunyamaza, lawama ikabaki upande wa mlangoni. Aliutazama ule unywele ulivyojikunja kidoleni mwa mkewe.

"Unywele ni wako, kufungua ni kwangu," alisema. "Nikishajaribu, huwa nafungua tena nitie betri. Ule ufungaji wa mwisho sijawahi kuujaribu."

"Kwenye tochi zote?" shemeji aliuliza.

"Zote."

"Usipoziba ufa..." Mama Pacha alianza.

"Usinimalizie. Ukuta wenyewe wa kupanga."

Mama Pacha alimwomba mteja radhi, akafagia upande wake, akajifunga kitambaa kichwani. Fundi akatoa tochi nyingine. Safari hii betri ilitangulia, karatasi ikafuata. Mkewe aliupangusa mpira, akaugeuzia dirishani, akautazama mzunguko mzima, akafunga mwenyewe. Ikaingia bombani inawaka. Ilipotoka ilikuwa bado inawaka, na nyuma ya kioo karatasi ilikuwa kavu. Fundi hakuifungua.

"Karatasi inabaki humo," alimwambia shemeji. "Ukiiona imelowa, panda juu. Usingoje taa ikuage."

Shemeji aliipima mkononi. "Dada, umefunga wewe?"

"Mimi."

"Basi nikipotelea huko, kesi ni ya ukoo."

"Nenda zako huko."

Akaenda nayo. Kesho yake mkono wa Mama Pacha ulikosea mistari, akafumua, akaanza upya. Fundi alipangusa meza iliyokwisha kupanguswa. Jioni shemeji aliingia, akaiweka tochi pale pale, karatasi kavu.

"Nimeona mpaka kutu iliyojificha," alisema, akauliza kama kuna chakula.

Fundi aliwaita wapiga mbizi wote warudishe tochi zao. Kigoda cha kusukia kikahamia barazani. Wateja wapya hushangaa msusi anapowaacha nusu kichwa na kuingia ndani. Wa zamani huwaambia wakae watulie, amekwenda kufunga tochi.