Egemeo la Bunduki ya Baba

Mimi ni fundi matimba. Kwa asiyejua machimbo, matimba ni magogo tunayoyasimamisha ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, ili udongo usiwafukie waliomo. Kazi hiyo nimeifanya Kharumwa miaka mingi kabla ya kuhamia hapa Ngokolo, na hakuna shimo nililolitimba likaanguka. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba kiburi changu kilikuwa na sababu, siku ile, nikiwa bado Kharumwa, nilipopanda juu kutoka shimoni nikakuta mama amenipigia simu mara nne. Nilipompigia aliniambia baba anataka kunyang'anywa bunduki.

Kwetu ni Ushetu, kijiji kinachopakana na msitu, na msituni kuna nyani. Mahindi yakianza kukomaa wanashuka mchana kweupe, familia nzima na watoto mgongoni, wanavunja, wanaonja, wanatupa. Baba ndiye aliyekuwa akikabiliana nao. Alikuwa na raifo kuukuu, ya kihalali, yenye kibali, na tangu nikiwa mdogo nilimwona asubuhi akitoka nayo begani kwenda kusimama pembeni mwa shamba, halafu majirani wakipumua. Mara nyingi alipiga hewani tu. Lakini bunduki ile ndiyo iliyomfanya mtu akipita kwetu apunguze mwendo na kuamkia vizuri, na baba alilijua hilo, na alilipenda.

Msimu ule alipiga, risasi ikaenda kombo, ikatoboa ndoo ya jirani yetu iliyokuwa tutani. Jirani mwenyewe, mama wa makamo aliyekula sikukuu zote nyumbani kwetu, alikuwa ameinama akipalilia hatua tatu kutoka pale. Alienda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji akiwa na ndoo yake yenye tundu. Mwenyekiti akamwita afisa wanyamapori, wakakubaliana hivi: baada ya wiki mbili baba atapiga risasi tatu mbele ya watu, kwenye dumu lililowekwa mbele ya kichuguu, akiwa amesimama kama anavyosimama shambani. Akipata mbili, bunduki ibaki. Akikosa, ikabidhiwe. Aruhusiwe kuegemea chochote anachotaka.

Nilimchukia yule mama. Sina haja ya kupamba. Niliomba ruhusa kwa mwenye duara nikafunga safari, na njia nzima nilikuwa nikimsema moyoni maneno ambayo nisingethubutu kuyasema mbele ya mke wangu.

Nilimkuta baba amekaa nje anamenya karanga, na karanga nusu zilikuwa zinamponyoka. Nikamwamkia.

"Marahaba, ng'wanone," akasema, na akaficha mikono mapajani. "Hii ni baridi tu."

Ilikuwa saa saba mchana. Kuku walikuwa wamelala kivulini midomo wazi.

Basi nikaanza kazi. Shambani mtu hawezi kupiga akiwa amelala, kwa sababu mahindi yamemzidi kimo, kwa hiyo tulihitaji egemeo la kusimamia, la kufika usawa wa bega, lenye panda juu ya kulaza mtutu. La kwanza nililitengeneza kwa akili ya shimoni. Nguzo nne, vizuizi vya kukatiza, misumari ya inchi tano. Tulilibeba watu wawili mpaka shambani, tukahema. Baba akalizunguka, akaligonga kwa ngumi.

"Hili ni la kuzuia mlima," akasema. "Nyani watalikalia."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilinuna, nikalivunja jioni hiyohiyo, na vipande vyake vilipika maharage siku tatu.

La pili lilikuwa na miguu mitatu. Nilipata tawi la mninga lililoanguka lenyewe, kavu, lenye panda nzuri, nikalifunga miguu kwa bolti moja na vipande vya tyubu ya baiskeli ili likunjike na kubebwa begani. Hilo lilimpendeza. Tatizo likawa ardhi. Shamba letu lina udongo ule mweusi wa mbuga, na mvua ilikuwa imenyesha. Baba akiegemea, mguu mmoja unazama, mtutu unaangalia mbingu. Nikapigilia chini ya kila mguu kifuniko cha kopo la rangi. Likatulia. Mama naye akashona kimfuko cha kitenge, akakijaza pumba za mpunga, tukakifunga kwenye panda ili mtutu usigonge mti. Asubuhi tukakuta kuku wamekitoboa. Akashona kingine, akakijaza mchanga, akiwatukana kuku mmoja mmoja.

Kilichonisumbua kuliko vyote kilikuwa kipimo. Siku ya kumpima urefu baba alisimama wima kama yuko gwaride, kifua mbele, kidevu juu. Nikafunga fundo kwenye kamba usawa wa bega lake, nikakata miti kwa kamba ile. Alipokwenda kuegemea, pumzi zikamtoka, mgongo ukarudi kwenye umbo lake la kila siku, na panda ikawa usawa wa masikio. Akaitazama. Akanitazama.

"Umepima vibaya," akasema.

Kumwambia mzazi wako kwamba amepinda, kwa kinywa chako, kwetu hakuna mtu anayefanya hivyo. Nikasema ni kweli, kamba ilikuwa imelegea. Tangu hapo kila asubuhi, yeye akienda kuangalia ng'ombe, nilichukua msumeno nikapunguza miguu yote mitatu upana wa kidole, nikafukia vipande, nikarudisha vifuniko. Baada ya chakula cha mchana alikuwa akijaribu tena, akisema bado kidogo. Siku ya tano panda ikamkaa begani sawasawa.

"Unaona?" akaniambia, amefurahi kweli. "Mti ukikauka unapungua."

"Ndiyo, Baba," nikasema. Nyuma yake mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Hizo ndizo siku ninazozikumbuka kwa uchungu mtamu kuliko zote za utu uzima wangu. Miaka mingi nilikuwa mtu wa kutuma salamu na kufika sikukuu. Sasa tulikuwa watatu uani kila alasiri, baba akiwa ameegemea na bunduki tupu, mama akiweka kizibo cha soda juu ya mtutu. Kizibo kikikaa mpaka tuhesabu kumi, mkono umetulia. Siku za mwanzo kilianguka tukiwa kwenye tatu. Siku ya mwisho tulihesabu hadi arobaini, mama akachoka, kizibo kikabaki pale. Baba alisahau kabisa kwamba tunaona mikono yake, na mimi nikasahau kwamba nina shimo linanisubiri. Natamani ningekaa wiki nyingine, hata kama hapakuwa na kazi.

Siku yenyewe kijiji kizima kilikuja. Jirani wa ndoo alikuja pia, akasimama mbali. Dumu la njano liliwekwa mbele ya kichuguu, hatua sitini. Baba alifika amevaa koti lake la kaki, lile la siku za heshima, egemeo begani, bunduki begani kwingine, akakataa nimsaidie kubeba. Akalikunjua, akabonyeza vifuniko udongoni kwa mguu, akalaza mtutu kwenye mfuko wa mchanga. 

Risasi ya kwanza ilitoboa dumu katikati. Ya pili pia. Watu walianza kupiga vigelegele kabla ya ya tatu, na ya tatu ikapita karibu na ya pili kiasi kwamba afisa alisogea akaingiza kidole kuhakikisha ni matundu mawili. Mwenyekiti akapiga makofi. Nilitafuta uso wa yule mama nimwangalie kwa dharau, na nikampata, na nilimwangalia kwa dharau. Naona aibu kuandika hivyo.

Afisa akampa baba mkono. "Hongera, mzee. Bunduki ni yako."

Baba hakuupokea mkono haraka. Aliondoa bunduki kwenye panda, akaishika mkononi bila kuegemea chochote, akaielekeza chini. Sote tuliuona mtutu ukicheza. Akauacha ucheze mpaka vigelegele vikaisha.

"Jicho bado lipo," akasema. "Nilitaka kujua hilo tu. Lakini nyani hawatanisubiri nisimike miti." Akafungua bunduki, akahakikisha ni tupu, akampa afisa kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia jirani. "Mama, unisamehe ile ndoo."

Yule mama alianza kulia. Alisema, "Baba, mimi sikutaka waichukue, niliogopa tu." Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa na haki muda wote, na kwamba baba alilijua hilo tangu siku ndoo ilipotoboka.

Nilimkasirikia baba. Njiani kurudi nilimwambia tulipoteza wiki mbili bure. Alitembea, egemeo begani, bega lingine tupu. Kisha akaniambia, "Wabeja, ng'wanone." Asante, mwanangu. Ndiyo tu. Nilirudi Kharumwa kesho yake bado nimenuna, na mpaka leo natamani ningenuna siku moja pungufu.

Mama alinieleza kwenye simu yaliyofuata. Asubuhi iliyofuata baba aliamka kama kawaida, akabeba egemeo peke yake, akalisimika mahali pake pa siku zote, akaegemea. Nyani walitokea, wakamwona amesimama pale, wakarudi msituni. Hawakuwa na habari za afisa wala mkutano. Misimu miwili baba alilinda mashamba ya watu kwa mti mtupu, na jirani yetu alimpelekea uji shambani kila saa nne.

Halafu akafariki, usingizini, kabla ya mvua. Tulimzika, nikarudi kazini. Nilikuja tena mahindi yalipokuwa yamekomaa. Nilishuka kwenye bodaboda barabarani, nikakata njia ya kupitia shambani, na mbele yangu, pembeni mwa mahindi, nikamwona baba amesimama.

Mama alikuwa amelivika egemeo lile koti la kaki na kofia yake. Kwa kuwa miguu ile niliikata mimi, kidole kwa kidole, mpaka ikafika kwenye kimo chake cha kweli, koti lilisimama palepale alipokuwa akisimama, limeinama kidogo mbele, mabega yakiwa yamelegea. Mahindi yote yalikuwa mazima. Mama aliniambia baadaye kwamba msimu ule hatukupoteza hata gunzi moja.

Lakini hayo aliyasema baadaye. Pale njiani nilikuwa nimesimama, begi mkononi, na mdomo wangu ukafanya ulichozoea.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia mama, akiinuka kutoka kwenye karanga alizokuwa akipalilia nyuma ya mahindi, akidhani nimemwamkia yeye. Nikamwendea kumpokea jembe, wala sikumsahihisha.